Kitufe Kilichozimwa Kisimfungie Mtu Nje

Hebu fikiria, msomaji, mwanafunzi asiyeona mjini Litein, Kericho, akijaza fomu ya basari kwenye kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti. Kwa kibonyezo cha Tab anaruka sehemu moja hadi nyingine, lakini "Tuma" haisikii. Kumbe kitufe kipo, ila kimezimwa kwa kuwa nambari ya kitambulisho imepungukiwa na tarakimu moja, na Tab hukiruka kitufe kilichozimwa.

Naye mchumaji wa majanichai huko Bomet, akiwa na simu juani adhuhuri, haioni rangi ile ya kijivu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, hudai maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, lakini husamehe vitufe vilivyozimwa.

Dawa ipo. Kitufe kiachwe wazi; kikibonyezwa mapema, kitaje kosa na kumrudisha mtu pale pale. Ikibidi kizuiwe, alama ya aria-disabled hukiacha kifikiwe na Tab, na sababu iandikwe kando.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo. Wanafunzi wa kompyuta, msimwongezee kingine.