Maada na Mvutano katika Nadharia za Kwanta: Ulinganisho wa Nyuzi na Vitanzi

Mlinganyo wa mvutano uliokamilishwa na Albert Einstein mwaka 1915 una pande mbili. Kushoto kuna umbo la nafasi na wakati. Kulia kuna maada na nishati. Maada huipinda nafasi, na mpindo huo huongoza mwendo wa maada. Mwaka 1936 Einstein mwenyewe aliufananisha upande wa kushoto na marumaru safi, na wa kulia na mbao hafifu.

Ugumu ni kwamba maada hufuata kanuni za kwanta. Elektroni moja yaweza kuwa katika hali inayojumuisha njia mbili kwa pamoja, ilhali umbo la nafasi katika mlinganyo huo ni moja tu. Makala haya yanafafanua jinsi nadharia mbili zinavyolikabili pengo hilo.

Nadharia ya nyuzi huzichukulia chembe zote kuwa mitetemo ya nyuzi ndogo mno. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz walionesha kuwa mtetemo mmojawapo una sifa za gravitoni, chembe inayodhaniwa kubeba mvutano: hauna tungamo, na spini yake ni 2. Kwa mtazamo huu, maada na mvutano vina asili moja. Hata hivyo, nadharia hiyo huhitaji vipimo 10 vya nafasi na wakati badala ya 4 vinavyojulikana.

Nadharia ya vitanzi, kwa upande wake, huanza na nafasi yenyewe. Mwaka 1995 Carlo Rovelli na Lee Smolin walionesha kuwa, katika nadharia hiyo, eneo na ujazo huwa na viwango vilivyotengana, katika kadiri ya urefu wa takribani mita 10⁻³⁵. Nafasi huwa mtandao: elektroni hukaa kwenye vifundo vyake, na nguvu kama sumakuumeme hupita kwenye viungo. Maada huongezwa juu ya mtandao. Asili yake haielezwi.

Nadharia zote mbili zinachukulia kuwa mvutano ni wa kikwanta, dai ambalo halijathibitishwa. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalipendekeza jaribio: vitu viwili vidogo, kila kimoja katika hali inayojumuisha mahali pawili, viachwe vivutane. Iwapo mvutano pekee utaziunganisha hali zao hata zisielezeke kila moja peke yake, dai hilo litapata ushahidi mzito. Zisipoungana inavyotabiriwa, msingi wa nadharia zote mbili utatiliwa shaka.