Fedha za mwani zisikwame kwenye kompyuta

MKULIMA wa mwani wa Shumba, wilayani Micheweni, huvuna kwa kufuata bamvua. Ndiyo maana mwani mwingi hukauka na kupimwa ndani ya siku chache zile zile. Kampuni inayolipa kwa simu hulazimika kutuma malipo mengi kwa mkupuo, na hapo mtambo wa hesabu ukizidiwa, mama aliyekwishapimiwa hubaki akitazama simu yake.

Dawa inayotajwa na wataalamu ni kuyatoa majedwali ya hesabu kwenye diski na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM. Microsoft iliingiza utaratibu huo katika SQL Server mwaka 2014. Kasi yake ni ya kweli, ila si kwa kila kazi.

Tuseme wanalipwa wakulima 300, kila mmoja kwa akaunti yake. Miamala ni mifupi, mingi, na kila mmoja unagusa mstari wake. Katika jedwali la kawaida, mistari mipya hugombania ukurasa mmoja wa kuandikia, mithili ya watu wengi na mzani mmoja. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayofaa kuhamishiwa kwenye RAM.

Lakini fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye akaunti moja ya kampuni, na kila malipo hupunguza salio lile lile. Katika majedwali hayo ya Microsoft, miamala miwili ikibadilisha mstari mmoja kwa wakati mmoja, mmoja hukataliwa na kulazimika kuanza upya. Hapo RAM pekee haiponyi. Ni bora jumla ya mkupuo ikatwe mara moja, kisha igawiwe.

Kuna suala la umeme pia, ambalo Wazanzibari hawahitaji kuelezwa. Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba ilipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010. Umeme ukikatika, RAM husahau. Kwa hiyo salio la mkulima liwe katika jedwali la aina inayoandika kila muamala kwenye diski kabla ya kuthibitisha malipo. Aina nyingine, ambayo hupoteza mistari yote kompyuta ikizima, kama yalivyo majedwali ya MEMORY ya MySQL, ibakie kwa vitu vya kupita, mfano namba za siri za muda.

Kwa maoni yangu, kampuni ipime kwanza muda unapotelea wapi. Kama ni kwenye mnara wa simu, au wakala hana fedha taslimu, RAM mpya ni hasara tu. Microsoft yenyewe hushauri kuanza na kumbukumbu maradufu ya ukubwa wa data: jedwali la gigabaiti 10 litengewe 20, na bei yake iulizwe kabla ya msimu.