Kabla Hujakata Dari kwa Ajili ya Lifti ya Gari

Ukiwa Chimala, barabara ya TANZAM iko mbele yako, na kwa upande wa milimani inapanda ile ya Matamba, yenye kona 57. Gari likishuka kona hizo breki zikinuka, lazima mtu alitazame kwa chini. Gereji nyingi zina shimo. Shimo ni rahisi kuchimba, ila masika huingia maji, na mvuke wa petroli, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutuama humohumo alimo fundi. Ndiyo maana mwenye gereji ya nyumbani akishika fedha kidogo huwaza lifti ya nguzo mbili. Kisha anatazama juu, anakutana na dari.

Hesabu yake ni fupi. Noah ina kimo cha karibu mita 1.85. Fundi asiyetaka kuinama anahitaji kama mita 1.75 chini ya gari. Jumla ni mita 3.6, na bado hujaacha nafasi hata ya kiganja kati ya gari na dari, wakati kuta za nyumba zetu nyingi zinaishia kwenye mita 3 hivi. Nguzo zenyewe hazina shida, kwani zipo lifti zisizo na boriti ya juu ambazo nguzo zake ni kama mita 2.8. Kinachogonga ni paa la gari.

Basi anaitwa seremala, msumeno unapanda juu. Dari ni jipsamu tu, atasema, tunatoboa. Jipsamu kweli haina kazi kubwa, lakini mbao iliyoibeba inayo. Mbao ile ya mlalo, chini kabisa ya kenchi, imefunga miguu ya paa kama uzi unavyofunga ncha za upinde. Ukiikata, uzito wa bati na papi unasukuma vichwa vya kuta kwenda nje. Ukuta wa tofali usio na mkanda wa zege juu hauvumilii msukumo huo. Nyufa huanzia pembeni, tena mara nyingi baada ya miezi, fundi alishalipwa na kusahau.

Wengine husema, tusiikate, tuipandishe. Inawezekana, ila kuna gharama. Chukua gereji ya upana wa mita 6 yenye paa la kimo cha mita 1.5. Ukiipandisha mbao hiyo sentimita 50, nguvu inayoivuta hufika mara moja na nusu ya ile ya awali. Ukifika sentimita 75, inakuwa maradufu. Zaidi ya hayo, mbao za mteremko, ambazo sasa miguu yake iko huru, zinaanza kupinda. Kwa hiyo mbao ziwe nene zaidi na maungio yafungwe kwa bolti. Misumari haitoshi.

Njia ninayoiamini zaidi ni boriti ya chuma chini ya mgongo wa paa, ikishikwa na nguzo mbili zenye misingi yake. Boriti ikibeba kilele, mbao za mteremko hazina tena sababu ya kusukuma kuta. Ukubwa wake aupigie hesabu mhandisi aliyesajiliwa, na kibali cha halmashauri kitangulie.

Halafu kuna sakafu, ambayo wengi huikumbuka lifti ikiwa imeshashushwa getini. Lifti ya tani 4 hushikiliwa na bolti zilizozama kwenye zege, na watengenezaji wengi hutaka unene wa kuanzia sentimita 10 hadi 15, zege lililokomaa siku 28. Jamvi la nyumbani mara nyingi halifiki hapo. Na ukiwa upande wa bonde la Usangu, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, zege nene bila msingi mzuri nalo litapinda, na nguzo ya lifti ikiinama kidogo tu, gari huinama nayo.

Ukiniuliza mimi, mwenye uwanja aiache nyumba ilivyo. Ajenge banda la bati pembeni, nguzo za mita 4.5, zege lake jipya. Ila nguzo zizikwe na kufungwa kwenye zege kwelikweli: banda lisilo na kuta upepo huingia chini yake na kulinyanyua, na bati ni jepesi.