Mamdani na kitendawili cha nani mwenyeji

NANI mwenyeji na nani mgeni? Swali hilo limemwandama Profesa Mahmood Mamdani, msomi wa siasa kutoka Uganda, kwa zaidi ya nusu karne.

Alizaliwa Bombay, India, mwaka wa 1946 na kulelewa Kampala. Mnamo Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waihame Uganda. Mamdani, aliyekuwa amerejea kufunza Makerere, alijipata katika kambi ya wakimbizi jijini London. Masaibu hayo aliyasimulia kitabuni mwaka wa 1973.

Hakuishia kulalama. Akifunza Dar es Salaam, Makerere, Cape Town na Columbia, Marekani, aliusaka mzizi wa uhasama.

Katika Citizen and Subject, kitabu cha 1996, alieleza kuwa wakoloni waliwagawa watu kwa sheria. Wazungu na Waasia walihesabiwa kuwa mbari, wakatawaliwa kwa sheria za kiraia. Waafrika waligawanywa kwa makabila, kila moja chini ya chifu na mila zake. Uhuru ulipopatikana, ubaguzi wa mbari uliondolewa, lakini mipaka ya kabila ikasalia.

Mwaka wa 2001 alitumia hoja hiyo kufafanua mauaji ya Rwanda ya 1994: ukoloni ulikuwa umewafanya Watutsi waonekane mbari ya wageni.

Kwa Mamdani, haki ya raia itokane na makazi yake, si asili yake. Kenya, ambako majirani wamewahi kuitwa madoadoa msimu wa uchaguzi, somo hilo halijapitwa na wakati.