Ufadhili wa Utafiti Katika Maktaba Huru: Anachofaa Kujua Mwanahistoria

Nguo ya merikani ilipata jina lake kutokana na ilikotoka, yaani Marekani. Katika karne ya 19, merikebu za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zililetea Zanzibar nguo hiyo na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara ulitiwa sahihi mwaka wa 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alianza kazi Zanzibar mwaka wa 1837. Karatasi zake zimehifadhiwa Massachusetts hadi leo. Mkazi wa kaunti hii anayetafiti historia ya pwani atazifikiaje nyaraka kama hizo? Njia moja ni ufadhili wa utafiti.

Maktaba huru ni nini?
Ni maktaba isiyomilikiwa na serikali wala chuo kikuu. Mifano ni Massachusetts Historical Society ya Boston, iliyoanzishwa mwaka wa 1791, na American Antiquarian Society ya Worcester, ya mwaka wa 1812.

Ufadhili hugharamia nini?
Hutoa posho ya kujikimu unaposoma nyaraka. Haulipi karo wala hautoi shahada. Ule wa muda mfupi huwa wa takriban mwezi mmoja, na mara nyingi wanafunzi wa uzamifu hukubaliwa. Wa muda mrefu huchukua miezi kadhaa, na kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamifu.

Nitaombaje?
Andaa pendekezo la utafiti, wasifu wako na barua za wadhamini wa kitaaluma. Katika pendekezo, taja nyaraka hasa unazotaka kusoma na sababu yake. Ombi linaloweza kupelekwa maktaba yoyote ile huwa dhaifu. Katalogi za maktaba hizi zinapatikana bure mtandaoni, kwa hivyo anzia hapo.

Tahadhari
Uliza mapema kuhusu viza, na kama posho itatosha nauli ya ndege. Tarehe za mwisho hutofautiana. Zithibitishe kwa maktaba yenyewe. Anayekuahidi nafasi kwa malipo, usimpe hata shilingi.

Wafanyabiashara wa Salem waliandika majina ya watu na mahali petu jinsi walivyoyasikia. Anayeyajua majina hayo kwa lugha yake ana la kuongeza ambalo msomaji mgeni huenda asilione.