ABS kwenye pikipiki: je, inamlipa mwenye mtaji?
Anayenunua pikipiki ya mkataba Katoro au Kahama huuliza bei, mafuta na vipuri. Breki huja mwisho. ABS hulegeza breki mara gurudumu linapotaka kujifunga, ili pikipiki isiteleze. India iliilazimisha kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125: matoleo mapya 2018, yote 2019. Bodaboda nyingi za huku hutumia dramu, na ABS hufungwa kwenye diski.

Kwenye lami iliyolowa faida ni dhahiri. Kwenye changarawe za machimboni, pikipiki huweza kuchelewa kusimama, ingawa haimwangushi dereva kirahisi. Abiria watatu na gunia? Hapo ABS haisaidii sana. Lakini dereva akivunjika mguu, hesabu ya siku nayo husimama.