Gesi ya kiyoyozi haiishi bali huvuja: Fahamu unachomlipia fundi

MSIMU wa kaskazi unapoingia Pwani, mafundi wa viyoyozi mjini Mombasa hutafutwa usiku na mchana. Wenye nyumba kuanzia Nyali na Bamburi hadi Kizingo hulalamika kwamba mashine inavuma lakini chumba hakipoi, na aghalabu jibu wanalopewa huwa ni lile lile: gesi imeisha, iongezwe.

Jibu hilo limewagharimu wengi fedha ambazo hawakustahili kuzitoa.

Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi ikaisha kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa kabisa, ikilibeba joto kutoka chumbani na kulimwaga nje. Mradi mabomba hayo ni mazima, gesi iliyotiwa siku ya kwanza hutarajiwa kudumu kwa uhai wote wa mashine.

Kwa hivyo, fundi anaposema gesi imepungua, anachosema hasa ni kwamba pana tundu mahali fulani. Akijaza gesi bila kulitafuta tundu hilo, atakuwa amemuuzia mteja kitu ambacho kimekwisha kuanza kuponyoka kabla hata hajashuka ngazi. Familia inayoongezewa gesi kila mwaka kwa miaka mitatu imelipa mara tatu, na ugonjwa ungali pale pale.

Isitoshe, mashine yenye gesi pungufu hufanya kazi kwa saa nyingi zaidi ili kukipoza chumba kile kile, na bili ya umeme hupanda. Kompresa, ambayo huitegemea gesi hiyo kuipoza mota yake, huchemka kupita kiasi na mwishowe huungua. Hapo gharama huwa si ya gesi tena bali ya kifaa kilicho ghali kuliko vyote katika mashine.

Ukarabati kamili wa uvujaji una hatua kadhaa. Kwanza tundu hutafutwa, ama kwa povu la sabuni kwenye viungo, ama kwa kifaa cha kunusa gesi, ama kwa kuyajaza mabomba naitrojeni na kutazama iwapo shinikizo litashuka. Kisha palipovuja hulehemiwa au kiungo hubadilishwa. Baada ya hapo pampu maalumu hunyonya hewa na unyevu wote uliomo, kwani unyevu ukichanganyika na oili ya kompresa huleta asidi inayoila mashine kutoka ndani. Mwisho kabisa ndipo gesi hutiwa, tena kwa kupimwa kwenye mizani.

Ndiyo maana bili ya fundi mwaminifu huenda ikawa kubwa kuliko ya mwenzake anayefika na mtungi begani na kuondoka baada ya dakika 20. Mwenye nyumba anapolinganisha bei, yafaa aulize ni hatua zipi kati ya hizo zimo katika bei aliyotajiwa.

Kipimo cha gesi si siri ya fundi. Sehemu ya nje ya kiyoyozi hubandikwa kibati kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa kilo au gramu. Uzito huo huongezwa kidogo pale mabomba yanapokuwa marefu kuliko kawaida. Mteja aliyekinakili kibati hicho hawezi kutozwa kilo tatu kwa mashine inayobeba kilo moja.

Aina ya gesi pia huathiri bei. Viyoyozi vingi vya zamani hutumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na imewekewa muda wa kuondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazostawi, Kenya ikiwemo, zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo kwa asilimia 35 kufikia 2020 na kwa asilimia 67.5 kufikia 2025. Mwaka wa 2030 zinatakiwa kuziacha, isipokuwa kiasi kidogo mno cha kukarabatia mashine zilizopo. Bidhaa inayopunguzwa hivyo haiwezi kutarajiwa kuwa rahisi.

Mashine za baadaye hutumia R-410A au R-32. Gesi hizi hazibadilishani ovyo. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kuliko R-22 kwa takriban asilimia 60 na huhitaji oili tofauti, hivyo kuitia katika mashine ya R-22 ni kuiua mashine hiyo. R-32 nayo yaweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi. Ama gesi ya kupikia, fundi anayependekeza kuitia katika kiyoyozi ambacho hakikuundwa kwa ajili yake anastahili kuonyeshwa mlango.

Hata hivyo, si kila chumba kisichopoa kina shida ya gesi. Chujio lililojaa vumbi huzuia hewa kupita, koili ya ndani ikaganda barafu, na mtu akadhani mashine imekufa. Kuliosha chujio kwa maji ya bomba hakuhitaji fundi. Maji yanayodondoka ukutani nayo mara nyingi hutokana na kuziba kwa mpira wa kuyatoa nje.

Kuna pia kapasita, kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza kuzunguka. Kikiharibika, mashine ya nje hunguruma bila kuwaka, na si ajabu mteja akaambiwa kompresa imekufa. Kapasita ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa, ilhali bei ya kompresa pamoja na kazi yake yaweza kuikaribia ya kiyoyozi kipya. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, mteja ana haki ya kuomba kapasita ipimwe mbele yake. Asijaribu kuifungua mwenyewe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Katika viyoyozi vya inveta, kompresa huendeshwa na bodi ya elektroniki, na bei ya bodi ni jambo jingine kabisa. Adui wake mkuu ni umeme unaorejea kwa kishindo baada ya kukatika. Kifaa cha kudhibiti volti hugharimu fedha, lakini bodi hugharimu zaidi.

Kwa wakazi wa Pwani kuna adui wa ziada: chumvi. Upepo wa bahari huila koili ya nje, mapezi yake ya alumini yakageuka unga na mabomba yakatoboka. Nyumba iliyo karibu na ufuo huhitaji koili hiyo ioshwe kwa maji baridi mara kwa mara. Panapokuwa na matundu mengi yaliyosababishwa na chumvi, kulehemu moja baada ya jingine ni kupoteza fedha. Koili hubadilishwa nzima.

Suala la kukarabati au kununua kipya halina jibu moja. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mashine iliyopita miaka 10, na ambayo ukarabati wake unagharimu zaidi ya nusu ya bei ya mpya, iachwe. Ikiwa inatumia R-22, uamuzi huwa mwepesi zaidi.

Pana gharama nyingine ambazo hazitajwi mapema. Fundi hudai ada ya kuja kukagua, na yafaa kuulizwa iwapo itatolewa katika bili ya mwisho. Aidha, mashine iliyotundikwa ukutani katika ghorofa ya tano huhitaji kamba au jukwaa, na mteja ndiye hulipia.

Makadirio yaandikwe. Chini ya Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, makadirio yakiwa sehemu ya mkataba, mtoaji huduma haruhusiwi kumtoza mteja zaidi ya asilimia 10 juu yake. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo. Ahadi ya mdomo chini ya mwembe ni vigumu kuithibitisha mahakamani.

Mwenye nyumba asiyetaka kusubiri foleni ya Februari hufanya vyema kuita fundi wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, joto linapopungua. Fundi akiwa na nafasi, huweza kurejea baada ya wiki mbili kupima iwapo kiungo alicholehemu bado kimeshika.